Jembe na Kipimo: Kuhifadhi Mazingira Ni Ufundi wa Kusomea

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii kwa wakazi wa vilima vya mpakani, Muyinga



Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza kwa nini askari polisi asimame hapa kuzungumza habari za miche, mitaro na mizinga ya nyuki, ilhali mabwana shamba na mabwana misitu wapo. Swali hilo ni la haki, na ni vyema nilijibu mapema. Tazameni mambo yanayofikishwa katika vituo vya polisi vya mpakani: gunia la makaa lisilo na kibali, mbao zilizovushwa usiku kwa njia ya panya, mtego wa waya uliotegwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, moto wa kiangazi uliomshinda aliyeuwasha. Wengi wa wanaotenda hayo ni vijana wenye nguvu wasiokuwa na kazi nyingine inayolipa. Sheria tunazo. Burundi ina Kanuni ya Misitu ya mwaka 2016 na Kanuni ya Mazingira ya mwaka 2021, na wenzetu wa Tanzania wana Sheria yao ya Misitu ya mwaka 2002. Askari aweza kulikamata gunia la makaa, lakini hana uwezo wa kuotesha mti mahali pa ule uliochomwa. Leo nitasema juu ya yule awezaye kuuotesha, na jinsi apatavyo ujuzi huo.

Nianze na mto, kwa sababu ndio unaotufunga pamoja hata kabla mipaka haijachorwa. Gitega iko juu, kwenye uwanda wa kati wa nchi. Karibu nayo hupita Ruvyironza, mto utokao milima ya Bururi, mahali panapohesabiwa kuwa chimbuko la Nile lililo kusini kuliko yote. Ruvyironza hujiunga na Ruvubu. Ruvubu nao huelekea kaskazini-mashariki, hupita ndani ya hifadhi yenye jina lake, ambayo eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 500 na ambayo Muyinga inamiliki sehemu yake, kisha huingia Tanzania na kukutana na mto utokao Rwanda, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo. Kuanzia hapo maji hayo huitwa Kagera mpaka Ziwa Victoria.

Sasa pale Rusumo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, ambazo hugawana umeme huo sawasawa. Nyaya za fungu la Burundi zinakwenda wapi? Zinakwenda Gitega. Basi lifikirini jambo hili. Kila masika Ruvubu huwa mwekundu, na wekundu ule ni mashamba yetu. Udongo unaoshuka kutoka vilima vya Gitega, Karusi na Muyinga unakwenda kujikusanya mbele ya mitambo ile ile inayorudisha umeme Gitega. Anayelima bila kinga mlimani anakosa udongo leo, na kesho kutwa huenda akakosa na taa.

Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakiwa wakulima. Nchi hii haina kilima cha kuacha kipumzike. Kwa hiyo kuhifadhi kwetu hakuwezi kuwa kuzungushia uzio tu na kuwafukuza watu. Lazima kufanyike humo humo watu wanamolima, kwa mikono yao wenyewe.

Mikono hiyo imewahi kulazimishwa, na matokeo yake tunayajua. Wazee mliopo mmesimuliwa na wazazi wenu habari za mitaro ya wakati wa Wabelgiji, walipotawala Ruanda-Urundi. Watu walichimbishwa kwa amri, mlima baada ya mlima, na asiyechimba aliadhibiwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, mitaro mingi iliachwa ikafukiwa, kwa kuwa machoni pa watu ilikuwa alama ya viboko. Si sisi peke yetu. Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya ngazi, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Waluguru hawakuwa wapinzani wa udongo wao. Waliona kwamba kukata ngazi katika udongo mwembamba kulifukua ardhi isiyo na rutuba na kuzika ile iliyo njema, na mavuno yakapungua. Walioamuru hawakuwasikiliza wenye mashamba, wala hawakuwafundisha.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi tuna juhudi nyingine, tena za hiari na za kujivunia. Tangu mwaka 2018 mpango wa Ewe Burundi Urambaye umepeleka miche kwenye vilima vingi, na asubuhi za Jumamosi watu hutoka kwa kazi za pamoja. Mikono ni mingi mno. Kinachopungua ni kipimo.

Naomba nikawie hapa kidogo, maana ndicho kiini cha niliyoyaleta. Mtaro wa kuzuia mmomonyoko, ule mnaouita umurwanyasuri, hufaa kwa sharti moja: uwe sawasawa kabisa, ufuate mstari wa kimo kimoja kuzunguka mlima, usipande wala usishuke. Ukiwa hivyo, maji hutulia ndani yake na kuzama ardhini. Ukiinama kidogo tu upande mmoja, maji yote ya mlima hukimbilia upande huo, hurundikana, hupasua ukingo na kuchimba korongo. Mtaro wa namna hiyo ni hasara kuliko kutokuwa na mtaro. Umeyakusanya maji yaliyokuwa yametawanyika ukayapa njia moja. Na njia hiyo aghalabu hupitia wapi? Kwa jirani wa chini.

Hapo ndipo habari hii inapoingia katika daftari letu la polisi. Maji yamebomoa jiko la mtu, au yamezika maharagwe yake, naye anapanda mlimani kuuliza, na panga liko mkononi kwa kuwa alikuwa shambani. Kila mtu anajua jinsi mahakama zetu zilivyojaa kesi za ardhi. Baadhi ya ugomvi huo ungeweza kuzuiwa na miti mitatu, kamba na jiwe.

Kifaa chenyewe ni hicho. Miti miwili mirefu hufungwa pamoja juu na kuachana chini, na mti wa tatu hufungwa katikati kuwashika, mfano wa herufi A. Juu hufungwa kamba yenye jiwe linaloning'inia. Husimamishwa mahali, huwekwa alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Kisha miguu hubadilishwa nafasi na kuwekwa alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo fundi huutembeza mguu baada ya mguu kuzunguka mlima, akisimika kigingi kila mahali kamba inapotulia penye alama. Hakuna betri wala kitu cha kununua dukani. Lakini sharti mtu afundishwe, atende mbele ya mwalimu, akosee na kusahihishwa, kwanza kwenye mteremko wa upole na baadaye kwenye mteremko mkali. Pia ajifunze kukadiria nafasi kati ya mtaro na mtaro kwa ukali wa mlima, kupanda majani ya matete au kaliandra kwenye ukingo ili mizizi iushike, na kujua lini udongo utupwe upande wa juu na lini upande wa chini. Wakamba wa Machakos, Kenya, waliupa mtindo wa kutupa juu jina la fanya juu, na leo wataalamu wa udongo duniani hulitumia jina hilo hilo la Kiswahili.

Kitalu cha miche nacho ni shule nzima. Watu huhesabu miche iliyopandwa. Fundi huhesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Kati ya hesabu hizo mbili kuna mambo mengi: mbegu ilichumwa kwa mti gani, kama ni mti mmoja tu wa kando ya barabara au miti mingi mizuri, kama mche ulikaa muda mrefu kwenye kiriba hadi mzizi mkuu ukajisokota, kwa maana mti wa namna hiyo huota vizuri kisha huangushwa na upepo ukiwa umekwisha kuwa mrefu, kama kivuli kilipunguzwa polepole ili mche uzoee jua kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Na tena, ni mti gani upandwe wapi? Mkaratusi hukua upesi na hutoa nguzo, lakini ukiupanda kwenye chemchemi utayanywa maji ya kijiji. Greveria huvumiliana na mazao, ila ukiipanda mpakani mwa shamba bila kupatana na jirani, kivuli chake kitaleta maneno. Fundi mwema huwakutanisha wenye mashamba mawili kabla ya kuchimba shimo. Hilo nalo hufundishwa.

Asije mtu akadhani kwamba kujifunza kwa mikono ni jambo lililoletwa na wageni. Nendeni Gishora, jirani na mji wa Gitega, patakatifu pa ngoma za kifalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa wanadamu. Ngoma ile huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Waswahili wa Tanzania huujua kama mringaringa. Ufundi wa ngoma ulirithishwa katika koo, mtoto akimtazama baba, akishika kamba, akishika patasi, mpaka siku yake ifike. Hakupewa semina ya siku tatu. Nasi tukitaka ngoma ziendelee kusema hatuna budi kuwa na wachongaji, na wachongaji hawana budi kuwa na miti ya umri wa kutosha, na miti hiyo haina budi kuwa na mtu ajuaye kuchuma mbegu yake na kuiotesha. Kazi ya mwisho katika mnyororo huo haina jina la heshima bado. Ni haki yake kuwa nalo.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu Batwa, wafinyanzi tangu enzi. Sufuria za bati na ndoo za plastiki zimewapunguzia soko. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nishati ya Burundi bado hutoka kwenye kuni na makaa, na jiko bora la udongo, lenye kuta nene na mdomo uliopimwa, hupunguza kuni zinazoingia. Mikono inayolijua udongo kuliko mikono yote ni ya nani? Mafunzo ya kutengeneza majiko yangeanzia kwao, wawe walimu pia, wasiwe wanafunzi tu. Wenzetu wa Ngara wanaijua bei ya kuni. Mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa mamia ya maelfu na kambi ya Benaco ikajengwa, miti ya maeneo ya jirani ilimalizika kwa ajili ya kupikia. Hakuna wa kulaumiwa. Mtu mwenye njaa hupika. Ila nchi ilibaki uchi, na kuni zikawa za kuendewa mbali.

Nije Ruvubu sasa, kwa vijana wanaoishi kandokando ya hifadhi. Asali ni mali njema, lakini namna ya kale ya kurina kwa mwenge huua nyuki na mara nyingi huacha cheche majanini. Mrinaji aliyefundishwa hutumia kifaa cha kufukizia moshi, hurina jioni, huacha masega ya kutosha kwa nyuki wenyewe, na huchuja asali isiyo na majivu, ambayo ndiyo hupata bei. Mwenye mizinga 20 karibu na mpaka wa hifadhi huwa wa kwanza kuona moshi usio wa kawaida, na huwa na sababu yake mwenyewe ya kutupigia simu. Sisi askari tunathamini sana simu ya namna hiyo. Kazi nyingine ni kufyeka njia za kukinga moto kabla ya kiangazi cha Juni, kazi ya msimu inayohitaji vikundi vyenye nidhamu, panga zilizonolewa na kiongozi ajuaye upepo.

Mafunzo yenyewe yako wapi? Upande wa Tanzania ipo mifano ya miaka mingi. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, Arusha, kimekuwepo tangu mwaka 1937. Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi wa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1963. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Likuyu Sekamaganga, huko Namtumbo mkoani Ruvuma, ambapo wanavijiji wa kawaida hufundishwa kuwa askari wa wanyamapori wa vijiji vyao, kisha hurudi nyumbani kufanya kazi hiyo. Rwanda wana chuo cha uhifadhi cha Kitabi, kando ya msitu wa Nyungwe. Kwetu Burundi, vituo vya ufundi hufundisha zaidi uashi, useremala, ushonaji na kadhalika, na ni vyema hivyo. Ila seremala anayefundishwa kupasua mbao bila kufundishwa mti hutoka wapi, amefundishwa nusu. Darasa la kitalu na mitaro lingeweza kuwekwa nyuma ya karakana hiyo hiyo ya useremala, kwa gharama ya uwanja, maji na mwalimu mmoja.

Nitasema wazi jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Semina ya siku tatu yenye kofia, fulana na posho haimfanyi mtu kuwa fundi. Posho inapokwisha, na ujuzi huondoka nayo. Afadhali vijana kumi wafundishwe msimu mzima, tangu mbegu hadi mche uliosimama, kuliko mia mbili waliosikiliza chini ya mti. Zaidi ya hayo, cheti kisicho na zana ni karatasi. Anayehitimu na apewe jembe, mkasi wa kupogolea, kamba na kipimo, kama vile fundi cherehani anavyotamani kuondoka na cherehani.

Swali gumu ni nani atamlipa. Hapo wengi hunyamaza. Hayati Wangari Maathai wa Kenya hakunyamaza. Alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, mabwana misitu waliosoma walitilia shaka kama kina mama wa vijijini wangeweza kuotesha miti. Yeye akawafundisha, akawalipa kiasi kidogo cha fedha kwa mche uliookoka, si kwa mche uliopandwa. Malipo hayo yalikuwa mwalimu wa pili, kwa kuwa mama aliyelipwa kwa mche ulio hai hakungoja kuambiwa aumwagilie. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel, nayo ilikuwa ya Amani. Sisi tulio katika kazi ya kulinda amani tunaona maana yake.

Walipaji kwetu wapo wakitafutwa. Vyama vya kahawa vinahitaji miti ya kivuli na mitaro juu ya mashamba yao. Tarafa zina barabara zinazoliwa na makorongo kila masika, na hulipa malori ya mawe baada ya uharibifu, ilhali zingeweza kulipa kikundi cha mafundi kabla yake. Wenye mtambo wa Rusumo wana faida ya wazi katika udongo unaobaki mlimani. Nawaomba viongozi waliopo wanapoandika mipango ya tarafa waandike kazi hizi kama kazi za ufundi, zenye bei na ukaguzi, wala wasizihesabu zote kuwa za Jumamosi.

Kwa vijana wanaovuka kwenda Ngara, Karagwe au Kasulu kutafuta vibarua: nchi zetu zimo katika Jumuiya moja tangu Burundi ilipojiunga mwaka 2007, na njia halali ya kupita ni kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga. Anayejua kupima mtaro na kutunza kitalu, akipita pale na hati zake, hupatana na mwajiri kwa sauti tofauti na yule aliyepita porini usiku, ambaye hata akidhulumiwa ujira wake huogopa kuja kwetu kushtaki. Aje, hata hivyo. Kudhulumiwa ujira ni kosa la aliyedhulumu. Na anayetaka kukata au kusafirisha mbao na makaa aulize kwanza habari ya kibali, upande wa Burundi kwa Ofisi ya Ulinzi wa Mazingira, OBPE, na upande wa Tanzania kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kuuliza hakumtii mtu mbaroni.

Nimezungumza vya kutosha kwa mtu asiye bwana shamba. Pale nje, nyuma ya jengo, mafundi wawili wamekwisha kufunga miti mitatu na kamba, na mteremko wa pale ni mkali wa kutosha kujaribia. Vijana waanze, wazee wasimame upande wa juu wakosoe vigingi. Maswali ya sheria nitayapokea baadaye, chini ya ule mwembe.